Madebe Manane ya Halwa

Mji wa Kale, Mombasa
Alhamisi

Dada yangu Mwanakuu,

Assalaam alaykum. Natumai goti limepoa na Maskati hawajakudekeza mno. Sisi huku wazima; mimi nimezidi kunenepa na uzuri haujapungua.

Mwanao Zein, mguu wake unaunga. Jana alinirushia gongo kwa mzaha wangu, basi jua anapona. Kinachomla ni maneno. Bwana Gharib, mwenye ndege, amekaa dukani kwake Biashara Street akimwambia kila anayenunua leso kwamba Zein aliiangusha ndege Lamu kwa kulewa muguka, majani yangali mdomoni. Zein, ambaye hata tambuu humtia kizunguzungu. Leseni yake ya urubani imezuiwa mpaka wachunguzi waseme. Dada, nimeapa, Gharib nitamla mbichi bila ndimu.

Mimi ndimi mpakizi wa mizigo ya ndege hiyo, mwaka wa kumi na nane huu. Begi nalipima kwa jicho, mizani yaja kunithibitisha tu. Kilichoiangusha ndege nakijua. Siku ile Gharib alipeleka madebe manane ya halwa na sanduku la sufuria za shaba, kwa harusi ya bintiye. Akanitumia sauti kwenye simu kwamba vitu vya bibi harusi haviwekwi mizanini mbele za watu, vitapata jicho la husuda. Nivisukume nyuma kabisa visionekane. Zein alipopunguza mwendo atue, mkia ukavuta chini, pua ikainuka, ndege ikajibwaga kama gunia na kutoka nje ya lami. Zein akavunjika mguu; abiria wawili walipata michubuko tu, alhamdulillahi.

Juzi Gharib kaniita, kaniahidi ukubwa wa wapakizi wote nikinyamaza. Nikanywa chai yake vikombe vitatu, nikamaliza mahamri, nikamwambia nitafikiri. Sauti yake ningali nayo.

Hili sasa lisome umekaa. Karatasi ya uzito aliyopewa Zein niliiandika mimi. Mizigo ya nyuma niliiandika kilo sitini, nazo zilipita mia mbili, nikatia sahihi. Nami niliogopa jicho. Mwanao akaniamini, akaruka. Kila siku nampelekea uji, ananiita mjomba, nami sijamwambia.

Jumatatu wachunguzi wanakuja. Nitawasikizisha sauti ya Gharib, kisha niwaambie uwongo ulioko kwenye karatasi ni wangu. Kazi itakwenda, labda na jela. Gharib adhani nitaogopa kuzama. Unavyonijua nilivyo mzito, sizami peke yangu.

Nibusie wajukuu wote. Msamaha wako usinipe bado. Uweke mpaka Zein aruke tena.

Nduguyo niliyekukosea,
Mzamil