Nepi Kumi na Mbili

Magomeni, Kilosa
9 Machi 2024

Kwa mzazi mwenzangu, Mama Maduhu,

Shikamoo. Siku ya posa ulitangaza mbele ya wajomba kwamba umenizidi miaka miwili, basi nakuamkia kama inavyopasa. Natumaini kile kikohozi kimekuacha. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto, ambalo hunitangazia mvua kabla ya redio.

Nimechagua barua kwa sababu simu haifai kwa maelezo. Nimefundisha sayansi kimu miaka thelathini na moja, na jambo la kufuatwa hatua kwa hatua napenda liwe kwenye karatasi, libandikwe ukutani.

Samwel, yule mwenye Noah ya abiria ya Kilosa na Mikumi, atakukabidhi mfuko. Ndani mna nepi kumi na mbili za mjukuu wetu Imelda. Nimezishona mwenyewe kwa marekani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi, na katikati nimeweka flanela tabaka mbili. Nepi za plastiki za dukani ziacheni. Ngozi ya mtoto inataka hewa. Pamba hupitisha hewa. Plastiki hufungia joto na unyevu ndani, na ikishatupwa huko Mikumi, wajukuu wa Imelda wataikuta bado haijaoza.

Sasa ufuaji. Kinyesi kitolewe kwanza. Nepi iloekwe kwenye ndoo yenye mfuniko, ifuliwe kwa sabuni ya mche, isuuzwe mara tatu, ianikwe juani, maana jua huua vijidudu. Kisha ipigwe wanga wa muhogo, mwepesi kama uji wa mgonjwa, na pasi pande zote mbili. Pasi huua mayai ya inzi. Wanga huifanya nguo isimame. Wasichana wangu niliwakata alama wakiniletea kitambaa kilicholegea.

Unajua kwamba kwetu, siku arobaini za kwanza, anayefua nepi ni bibi mzaa mama. Za binti yangu Editha alifua mama yangu zote. Mimi sikuruhusiwa hata kugusa ndoo. Nimeingoja zamu yangu miaka ishirini na tisa. Ilipofika, mtoto akawahi wiki tatu, maji yakala barabara, akazaliwa mikononi mwako. Sina neno. Jina nalo likawa la mama yako. Sina neno. Na kuja kulala nyumbani kwa mkwe wangu bila kuitwa siwezi, unajua mila. Basi nepi, angalau, ziwe zangu.

Editha atarudi kazini hotelini mwisho wa Mei. Nataka mtoto aje alelewe huku Kilosa. Ulifikirie hilo.

Ni mimi,
Bibi Mzaa Mama (Mwalimu Regina)


Mikumi
16 Machi 2024

Mwalimu, Mama Editha,

Marahaba. Kikohozi kimeisha. Pole na goti. Huku wote wazima, mvua inanyesha, mahindi yamesimama vizuri.

Mzigo nimeupata. Kazi ya mikono yako ni safi, asante sana. Karatasi nimeibandika karibu na kalenda. Maduhu kila akipita anacheka, "Mama, umerudi darasa la kwanza?" Namwambia, "Nyamaza, mwalimu mwenyewe ni mkweo." Nafuata hatua zote kama ulivyoandika. Wanga nakoroga mwenyewe, napiga pasi.

Nikuambie la kukuchekesha. Nyani walikuja kwenye kamba ya nguo. Mmoja alichukua nepi yako, akapanda nayo juu ya bati la jirani, akaivaa kichwani. Tulimpigia kelele, hakushuka. Zimebaki kumi na moja.

Imelda ananyonya vizuri. Akivalishwa analia kidogo, ila mtoto ni mtoto. Habari za Mei tuziache zifike.

Bibi yake Imelda
(Marciana)


Magomeni, Kilosa
3 Aprili 2024

Mama Maduhu,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Mimi sijambo kiasi.

Jana Samwel alipita hapa kuleta salamu. Nakuandikia mazungumzo yetu kama yalivyokuwa, ili usiseme nimeongeza chumvi.

"Mama Mwalimu, mjukuu nimemwona! Kanenepa kama boga. Kavaa kinepi chake cha maua ya bluu, anarusha miguu."

"Maua ya bluu? Zangu ni nyeupe."

"Basi labda zako zilikuwa zimefuliwa, mama."

"Zote kumi na moja kwa siku moja?"

Samwel akainama, akaanza kukagua tairi.

Nilipiga hesabu ya siku, Mama Maduhu. Arobaini ya mtoto imeisha Jumapili ya juzi. Siku zote hizo nilijifariji kwamba hata kama mikono inayofua si yangu, nguo inayomgusa mtoto nimeigusa mimi kwanza. Kila mshono niliupitisha kwenye vidole nikatafuta uzi unaochoma. Kumbe wakati huo mtoto amevaa maua ya bluu.

Na jambo jingine, kwa kuwa nimeanza. Umetia sahihi "Bibi yake Imelda", kama vile yuko mmoja tu duniani. Tuko wawili. Mimi niliandika "Mzaa Mama" ili kutofautisha. Nawe ungeweza kuandika "wa Mikumi", nafasi kwenye karatasi ilikuwepo.

Yule nyani nilimcheka wiki nzima. Sasa naona ndiye pekee huko aliyeipenda kazi yangu.

Kama nepi zangu hazivaliwi, naomba sababu kwa maandishi.

Bibi Mzaa Mama


Mikumi
10 Aprili 2024

Mwalimu,

Marahaba. Samwel ana macho, ningemfunga kitambaa.

Ni kweli. Maua ya bluu ni shuka langu la zamani, la tangu tukiwa Maswa hatujahamia huku na ng'ombe. Nimelikata vipande. Zako nimezikunja vizuri sandukuni, tutamvalisha kwendea kanisani. Ni nzuri mno kukojolewa.

Usikasirike. Mtoto anaendelea vizuri, na hilo ndilo sote tunalitaka.

Marciana


Magomeni, Kilosa
19 Aprili 2024

Mama Maduhu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima.

Nepi ya kwendea kanisani! Miaka yote niliyofundisha sijapata kusikia nepi ya kuendea mahali. Nepi ni ya kukojolewa. Usinifanye mtoto.

Jana nilizungumza na Editha, nikamminya mpaka akasema. Kumbe mwezi uliopita mjukuu alitoka vipele mapajani mpaka ngozi ikachubuka. "Lakini imekwisha, mama," ananiambia, "Mama mkwe alisema ni sabuni yake, ilikuwa kali, akaibadilisha." Kwa hiyo nilituma pamba mpya, nikaandika sabuni ya mche, nawe ukatumia unayoijua wewe. Mtoto alipochubuka ukaficha nepi zangu sandukuni, ukamfunga matambara ya shuka. Na mimi sikuambiwa.

Wewe umempata mikononi, umempa jina, unamwogesha, unamjua anavyolia akiwa na njaa na anavyolia akiwa na usingizi. Mimi namjua kwa picha ya simu. Nilidhani aliye na vingi hivyo atatunza kimoja cha mwenzake.

Nimemwambia Editha akianza kazi mtoto aje Kilosa. Unajua kanijibu nini? "Mama, muulize Mama mkwe kwanza." Nikuulize wewe! Mtoto wa binti yangu!

Basi nimekuuliza. Jibu.

Mwalimu Regina


Mikumi
26 Aprili 2024

Mwalimu,

Marahaba, ingawa hukuniamkia.

Sikutaka kuandika haya, ila umetaka jibu. Nimemkabidhi Samwel nepi yako moja. Nimeifua, nikaipiga wanga na pasi, sawasawa na karatasi yako. Itandaze mezani, uimwagie kikombe cha maji. Usimwite mtu akuone.

Marciana


Magomeni, Kilosa
12 Mei 2024

Mama Maduhu, mzazi mwenzangu,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili, kwa ile niliyokunyima. Natumaini nyote ni wazima. Mimi mwili hauna tatizo.

Umenisubiri wiki mbili. Siku tatu za kwanza nepi ilikaa kwenye kiti, sikuigusa, kwa kiburi tu. Siku ya nne nilifunga mlango, nikaitandaza, nikamwaga maji.

Maji yalisimama juu yake kama juu ya jani la magimbi, yakakimbilia pembeni, yakanilowesha magoti. Machache yaliyobaki yaligeuka utelezi kama mlenda. Niliianika. Ilipokauka ilikuwa ubao. Nikaipitisha shavuni mwangu, mara moja tu, nikaelewa kwa nini Imelda alikuwa analia akivalishwa.

Acha nieleze, maana kueleza ndiyo kazi niliyoisomea. Wanga hujaza nafasi kati ya nyuzi; nguo husimama, lakini haina tena pa kuweka maji. Na pamba mpya ina mafuta yake ya shambani, huanza kunywa maji baada ya kufuliwa mara nyingi. Wewe uliyelima pamba huko Maswa ulilijua hilo, ndiyo maana ukachukua shuka kuukuu. Mimi nilifundisha vitambaa vya meza. Vitambaa vya meza, Mama Maduhu! Nepi sijafua hata moja maishani mwangu. Za Editha alifua mama yangu, na arobaini ilipoisha nilirudi darasani, akaendelea yeye. Nilikuandikia hatua za kazi ambayo sijawahi kuifanya.

Nimelinganisha tarehe. Vipele vilikuja ulipokuwa unafuata karatasi yangu, vikaondoka uliponikaidi. Sabuni yako ilikuwa ileile ya mche, sivyo? Ulimwambia Editha kosa ni lako ili mimi nisiaibike mbele ya binti yangu na mkwe wangu. Umeubeba uzembe wangu ndani ya nyumba ya mwanao karibu miezi miwili, huku nikikurushia maneno. Ningekuwa mimi, nisingeweza. Ningeandika barua siku hiyohiyo, yenye vichwa vya habari.

Editha nimempigia, nimemweleza ukweli wote. Alicheka mpaka mtoto akaamka. Nilimsikia mtoto akilia, nikakusikia wewe ukimwambia "njoo, njoo kwa bibi", akanyamaza papo hapo. Nilisimama na simu sikioni hata baada ya kukatika.

Mtoto abaki Mikumi. Anakujua. Sitalirudia tena suala la Kilosa.

Ndani ya mfuko mna vipande sita vya khanga. Ni khanga niliyombebea Editha. Niliihifadhi sandukuni ili Imelda akifika Kilosa nimbebe nayo mgongoni, nimtembeze Magomeni yote, watu waulize huyu wa nani. Imefuliwa mpaka maandishi yamefutika, na maji inayanywa, nimeijaribu kwa kikombe. Nimeikata kwa mkasi wangu wa shule. Wanga sijapiga. Pasi nimepiga, kwa ajili ya mayai ya inzi. Hapo sirudi nyuma.

Usidhani wivu umeniisha. Nilipokuwa nakata niliiona mikono yako ikivifua, nikaweka mkasi chini mara mbili. Lakini nilimaliza.

Ni mimi,
Bibi wa Kilosa


Mikumi
Ijumaa, 17 Mei 2024

Mwalimu, Mama Editha,

Marahaba, zote mbili. Sisi wazima.

Sabuni ilikuwa ya mche, ileile. Yameisha, tusiyarudie. Karatasi yako bado iko ukutani. Nimefuta mstari wa wanga tu, mengine yote yananifaa. Nami nilikuwa na wivu, kama hujui. Editha akiulizwa jambo lolote hujibu, "Mama alisema." Mama mwenyewe si mimi.

Imelda amevaa kipande cha kwanza leo asubuhi. Kimekunywa chote, hakikuvuja. Sasa kimo kwenye ndoo yenye mfuniko. Editha alitaka kukifua, nikamwambia aache. Mimi pia sijakigusa. Arobaini imepita, lakini hakuna askari aliyewekwa kuhesabu.

Barua hii Samwel anakuletea jioni hii, na kesho anatoka Kilosa saa mbili asubuhi. Nimekuombea kiti cha mbele, kwa ajili ya goti. Maduhu ndiye mwenye nyumba, naye amesema niandike hivi: mkwe wake anaitwa. Utalala chumbani kwangu, kitanda ni kipana.

Njoo ufue.

Bibi wa Mikumi