Alisimama Kumpisha Mama Yangu, Nami Nikampa Tano

Mpendwa Mama Kasilda,

Nakuandikia bila kujua vizuri kama ninaomba msaada au ninaomba ruhusa ya kunyamaza. Majina niliyotumia humu si ya kweli, kwa hiyo unaweza kuyachapa kama yalivyo, isipokuwa la mama yangu ambalo sikuliandika kabisa.

Mimi ni kijana, karani katika ofisi inayoandaa mashindano ya taifa ya pikipiki, si yale ya mbio ambayo watu wengi wanayajua, ni yale ya kupita polepole juu ya mawe, magogo na mitaro, ambamo mwendeshaji hatakiwi kugusa chini kwa mguu. Akigusa mara moja anapewa pointi moja ya adhabu, akisimama kabisa anapewa tano, na mwenye adhabu chache ndiye mshindi. Kila sehemu ngumu tunaiita kipande, na kila kipande kina msimamizi anayetazama miguu na kuonyesha adhabu kwa vidole. Kazi hii ni ya kwanza kwangu tangu nimalize chuo, niliisubiri sana, na nyumbani kwetu, tangu wazazi wangu warudi kutoka ukimbizini Tanzania na kuanza upya kulima katika vilima vya Bugendana, ni mimi peke yangu ninayekwenda kazini nimevaa viatu vilivyopigwa rangi.

Safari hii mashindano ya Gitega yalifanyika huko huko Bugendana, kwenye mteremko wa mawe juu ya kijito, na kwa kuwa wasimamizi hawakutosha nikapewa kipande nikisimamie, na kipande chenyewe kilikatiza njia ya miguu ambayo watu wa kilima kile wanaitumia siku zote kwenda mashambani na sokoni. Niliona mapema kwamba njia ile ilipaswa kufungwa au kuwekwa mtu, nikamwambia shefu wangu, mkuu wa ofisi yetu, Bwana Crispin, naye akanijibu huku akicheka, «We petit, mdogo wangu, wataona moto, hizi pikipiki, zinakuja, watasimama wenyewe,» na utepe tuliokuja nao ukatumika wote kuzungushia viti vya wageni. Nikasema sawa shefu, nikarudi kwenye kipande changu.

Akaja mwendeshaji mmoja, Kastori, mkulima wa Gasorwe kule Muyinga, na Mama Kasilda, sijapata kuona mtu akipanda mawe vile, pikipiki ilikuwa kama inanong'onezwa, hakugusa chini hata mara moja, na alikuwa amebakiza jiwe la mwisho tu pale mama yangu alipotokea kwenye njia ile akiwa na kikapu kichwani. Alikuwa ameniletea chakula, maharage na ndizi na kisamvu, kwa sababu alisikia kwamba nitashinda nimesimama na hakuna atakayenipikia. Alipoiona pikipiki alisimama pale pale alipokuwa, juu ya jiwe, nyuma yake kukiwa na utelezi wa tope lililoletwa na magurudumu kutoka kijitoni. Kastori akafunga breki, akashusha miguu yote miwili, akasema, «Pita, mama. Polepole, usianguke.» Mama akamjibu, «Asante mwanangu, Mungu akuongoze,» akapita.

Sasa nisikilize, hapa ndipo ninaposhindwa kulala. Tulikuwa tumeonywa kwamba msimamizi asionekane na ndugu zake ndani ya kipande, na mimi nikaogopa kwamba watasema nimeleta ukoo wangu kazini, basi mama alipopita mbele yangu akinitafuta kwa macho, nikampungia kama unavyompungia mpita njia yeyote, nikasema, «Haya, pita, pita haraka.» Kisha nikainua mkono, vidole vitano, adhabu ya Kastori. Mama akadhani ninamsalimia, naye akainua mkono wake akanipungia. Akaenda kukaa mbali, chini ya mikaratusi, akanisubiri na kikapu chake mpaka tulipomaliza.

Baada ya hapo nikafungua kamba ya mfuko wangu nikaifunga kwenye ile njia, kwa hiyo wote waliomfuata Kastori, akiwemo Ilyasi, walikuta njia imefungwa na hakuna mtu. Ilyasi akamzidi Kastori kidogo tu, akachukua nafasi ya mwisho ya kwenda fainali ya Muyinga. Na Ilyasi si mtu mbaya, ningefurahi kama angekuwa mtu mbaya, ni fundi pikipiki na ni jirani yangu hapa mtaani Musinzira, ananiita «karani wetu», na siku hizi dada zake wanaipaka rangi mpya kofia yake ya pikipiki huku wakiimba uwanjani kwao, nami nawasikia nikiwa chumbani kwangu.

Nilimfuata Kastori siku ile ile. Wenzake walikuwa wanamtania, «Kastori umekuwa polisi wa barabarani! Tuvushe na sisi basi!» naye anacheka nao. Nikamwambia pembeni kwamba anayo haki ya kulalamika. Akaniambia, «Kaka, mi nilisimama mwenyewe. Nilalamike nini, kwamba mama wa watu iko na mzigo?» Halafu akasema kitu ambacho sikukiomba, kwamba baba yake hajawahi kumwona akishindana, kwa kuwa hawezi tena safari ndefu, na fainali hii ya Muyinga ndiyo ingekuwa karibu na kwao.

Sheria naijua, kwa sababu ni mimi niliyeitafsiri kutoka Kifaransa: mwendeshaji akizuiwa na mtu au mnyama, anarudia kipande. Nikaenda kwa shefu. Akaniambia, «Hakuzuiwa, alijizuia. C'est fini, yamekwisha.» Nilipoendelea kusimama akashusha sauti, maana si mtu mkali, akasema, «Mi nakuambia kama mdogo wangu. Ukifungua hii, mi wataniuliza nani aliacha njia wazi, na we watakuuliza yule mama ni nani. Unamjua, yule mama?»

Nikasema simjui.

Tangu siku ile kila nikienda nyumbani mama ananiuliza, «Yule kijana mwenye adabu, alishinda?» Nilimjibu kwamba alifanya vizuri. Sasa anamtaja katika sala zake, ananitaja mimi halafu anamtaja yeye. Hajui kwamba ni kikapu chake kilichomtoa mashindanoni, na nikisema ukweli watu watasema mama wa karani ndiye aliyeharibu mashindano ya taifa, naye ni mtu wa kuomba radhi hata kwa mbuzi akimkanyaga. Kamati ya waamuzi inakaa Jumamosi, na baada ya hapo majina ya Muyinga hayabadiliki. Nikisema, nitampoteza shefu, nitapoteza pengine kazi, nitamnyang'anya Ilyasi furaha yake na nitamwaibisha mama. Nisiposema, ni Kastori peke yake atakayeumia, naye mwenyewe hakulalamika. Niambie, nifanye nini?

Karani mwenye hofu, Gitega



MAMA KASILDA ANAJIBU

Karani mwanangu, barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa sababu Jumamosi haitusubiri mimi na wewe.

Nianze kwa kukugombeza, halafu tutafanya kazi. Umeandika kurasa nzima kuhusu miguu ya Kastori, lakini kinachokunyima usingizi ni neno moja ulilomwambia shefu wako. Mwanamke amepanda kilima na chakula chako kichwani, nawe ukasema humjui. Usinieleze habari za kanuni, kanuni ilikukataza kukaa na ndugu ndani ya kipande, haikukukataza kuwa na mama. Kwa hiyo leo, kabla ya kamati, kabla ya shefu, nenda Bugendana. Nenda mchana, akiwa na nafasi, usimvizie amechoka. Mweleze yote, pamoja na vile vidole vitano. Unasema unamlinda asiaibike. Mwanangu, huyo ni mtu aliyevuka mpaka na watoto, akaishi ugenini, akarudi akaanza kulima upya. Hatavunjika kwa sababu ya mashindano ya pikipiki. Anaweza kulia kidogo. Mwache alie, wewe kaa hapo.

Sasa hilo la kujizuia. Shefu wako ana ulimi mzuri, lakini wewe uliyekuwepo umenipa jibu mwenyewe na hukuliona. Umeandika kwamba mama alikuwa juu ya jiwe, mzigo kichwani, nyuma yake utelezi. Basi niambie, angekwenda wapi? Asingeweza kurudi nyuma bila kuanguka, wala kusonga mbele bila kugongwa. Mmoja wao alilazimika kusimama, na aliyeweza kusimama salama ni mwenye breki. Huko ndiko kuzuiwa. Kama angekuwa mbuzi juu ya lile jiwe, Kastori angerudia kipande na hakuna ambaye angebishana. Mnampa mbuzi haki kuliko mnavyompa mzazi?

Lakini sikiliza vizuri, usije ukaenda kwenye kamati kuomba Kastori apewe zawadi ya adabu. Adabu haina pointi, na siku mtakapoanza kuipa pointi kila mtu atashusha miguu kumsalimia shangazi yake. Omba jambo moja tu: arudie kile kipande, njia ikiwa imefungwa kama walivyoikuta wenzake, na msimamizi awe mtu mwingine, si wewe. Akigusa chini, amegusa, atarudi Gasorwe akiwa ameshindwa mwenyewe. Akipita safi, hesabu itasema. Hukumu si yako tena, umeshaishika vya kutosha.

Unasema yeye mwenyewe hakulalamika. Angewezaje? Angelalamika angekuwa anamsema mama wa mtu mbele ya umati. Amenyamaza kwa heshima, nawe unataka kuitumia heshima yake kama mto wa kulalia. Hapana.

Kuhusu Ilyasi, hapo moyo wangu uko pamoja nawe, kwa sababu huyo kijana hakumkosea mtu. Ndiyo maana asilisikie jambo hili sokoni. Nenda kwao, mwite nje, mbali na dada zake, umwambie kwa kinywa chako: Ilyasi, wewe hukufanya kosa, ofisi yetu ndiyo iliyokosea, na Jumamosi nitasema. Atakasirika. Pengine ataacha kukuita karani wetu. Vumilia, ni haki yake. Kisha kwenye kamati sema na hili pia, kwamba kwa kuwa kosa ni la waandaaji, wafikirie kumruhusu Ilyasi naye ashindane Muyinga hata Kastori akimzidi. Wanaweza kukataa. Lakini mtu akiombewa mahali ambapo hayupo, hilo halipotei.

Kwa shefu nenda peke yako, kabla ya Jumamosi, na usimvizie pia. Mwambie yule mama ni mama yako. Mwambie utaiambia kamati kwamba wewe uliiona njia iko wazi, ukasema mara moja kisha ukanyamaza. Anza na sehemu yako. Yake mwachie aiseme mwenyewe, ukimpa nafasi hiyo huenda akaitumia, maana kwa jinsi ulivyomweleza ni mtu mwenye hofu kama wewe, tofauti yenu ni kiti tu.

Kazi yako? Siwezi kukuahidi. Nikikuambia hakuna litakalokupata nitakuwa nakudanganya, na umeshazungukwa na uongo wa kutosha. Hofu yako siicheki, najua kupata kazi hapa kwetu ni nini. Ila najua pia kwamba msimamizi analipwa kwa ajili ya macho yake, na ukiiacha Jumamosi ipite, kila utakapoinua mkono kwenye kipande watu watakuwa na haki ya kujiuliza macho hayo ni ya nani.

Kama mama yako ataomba akufuate kwenye kamati, na nadhani ataomba, usimkatalie. Tafuta kiti, akae karibu nawe. Wakitaka kujua alisimama wapi, aeleze mwenyewe, kwa lugha yake, bila wewe kumtafsiria wala kumrekebisha.

Na wakikuacha kazini, basi nenda Muyinga mapema, kabla mawe hayajapangwa. Usianze na ofisi. Anza na wanawake wa kule, uwaulize wanapitia wapi kwenda shambani, wapi kwenda kisimani, wapi kwenda sokoni, utembee nao njia hizo kwa miguu yako. Ukikuta kipande kimekatiza njia yao, mwambie shefu kwa sauti ya kusikika, na asipokusikia mwambie tena, mpaka mawe yahamishwe.