Imeli Unayoifungua

Mowlem, Jumapili

Baba Mbeti,

Sisi tu wazima. Mbeti ameota tena meno ya mbele, na jirani yetu Mama Nabalayo bado anakuombea huko Qatar.

Ofisini nimemaliza kuunganisha seva yetu na ile ya mtandaoni. Akaunti zote za wafanyakazi zimepanda huko, hata yako ya tangu ulipofanya kazi nasi. Miaka miwili nimemdanganya bosi kwamba niliifuta, ili ukirudi uikute. Ndiyo maana nilikuandikia kwamba imeli yako ya kazi sasa inafunguka popote, kwa paswadi ileile.

Hukunijibu. Lakini Jumanne uliifungua, ukapakua vyeti vyako vilivyokuwa humo. Mtambo huandika kila anayeingia na mahali alipo. Umeandikwa Nakuru, Baba Mbeti. Alhamisi tena, Nakuru. Jana, Nakuru.

Sitauliza unaishi na nani. Mama Nabalayo sijamwambia, acha aombe.

Nakuandikia humu kwa sababu ndiyo imeli pekee unayoifungua. Kesho asubuhi nitafuta akaunti yako kwenye seva ya ofisini, na huko mtandaoni itajifuta yenyewe.

Nguo zako nimezitia kwenye gunia. Njoo uzichukue. Nakuru si mbali.

Nzisa