Kibendera Kilichopanda

Jumamosi jioni, Rusimbi

Mkono ulikwenda wenyewe. Miaka kumi na mbili nimeshika kibendera pembeni kwenye soka, leo wakaniazima kwenye raga, Tanzania na Burundi, mechi ya kirafiki hapa hapa Kigoma, kwa sababu mshika kibendera wao hakufika. Nikaona mchezaji wetu ameotea, nikanyanyua.

Kumbe kwenye raga kibendera kikipanda maana yake mpira umetoka nje! Warundi wakasimama. Wetu hawakuniona, wakakimbia na mpira mpaka mwisho, wakafunga. Refa alikuwa amenipa mgongo. Akapuliza, pointi zikawa zetu, na ushindi pia.

Nilikishusha haraka kabla refa hajageuka.

Tulikuwa tumepoteza mechi nne mfululizo, basi uwanja mzima ulilipuka. Hata mimi nilibebwa juujuu, kama vile... Aibu tupu.

Kapteni wa Burundi hakubishana. Alikuja kunipa mkono na hakuuachia.

"Shikamoo, mzee. Vijana wangu walisimama kwa sababu yako. Unajua?"

Nikamjibu kwa Kirundi, lugha aliyonilea nayo mama, kwamba sijui.

Akatabasamu. "Tuzobonana," akasema. Tutaonana.

Wiki ijayo marudiano ni Bujumbura. Kiongozi wa timu yetu amenipigia sasa hivi, furaha imemjaa: nijiandae, nina mkono wa bahati. Halafu eti Warundi wenyewe ndio wameniomba, tena kwa jina.

Pale uwanjani sikumtajia Mrundi yeyote jina langu.