Matone Mawili ya Oili

Emali,
6 Januari 2025

Kwako Mjomba Ndolo,

Aa! Naitikia mapema, maana najua ungekuwa hapa ungenisalimu kwa Kikamba "wakya" kabla hata sijanawa mikono. Hujambo wewe na Anti Kathini? Macho yake yanaendeleaje? Mimi ni mzima, na niseme ukweli, nazidi kupendeza.

Barua yako ya Krismasi ilifika pamoja na ile yangu uliyoisahihisha kwa kalamu nyekundu. Nne kwa kumi! Mwalimu mkuu umestaafu lakini kalamu imekataa kustaafu. Hata hivyo asante. Hapa gereji mimi ndiye naandikia mafundi wote barua za mikopo na za mapenzi, na huo ujuzi ni wako, hata kama nilikuangusha nikaacha shule Form Two.

Sasa Mjomba, kuna kitu umeandika nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Ati tangu ununue kale kagari kako ka turbo mwezi wa nane, oili ya injini haijapungua, na kila ukichomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia, unaona imepanda. Na ukasimama kanisani ukatoa ushuhuda! Na watu wakapiga makofi!

Hebu niambie, unakaendesha kutoka wapi mpaka wapi? Na ukinusa hiyo dipstiki, inanukaje? Niandikie haraka. Mowlid, mwenye gereji, anasema masikio yangu yanashinda kompyuta kwa kujua ugonjwa wa injini, lakini bado hayajafika Zombe.

Mpwa wako mtiifu (leo),
Kiema


Zombe,
13 Januari 2025

Mpwa wangu Kiema,

Salamu nyingi. Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu, isipokuwa Anti yako, ambaye sasa anaona mwanga na vivuli tu. Juzi alimsalimia mbuzi wa jirani yetu Kavindu akidhani ni Kavindu. Alicheka mwenyewe, lakini mimi sikuweza.

Madaktari wa macho wamempa tarehe 20 Februari, Kitui, afanyiwe upasuaji wa macho. Tumeambiwa tukikosa siku hiyo, madaktari hao watarudi Agosti. Kwa hiyo gari nalitunza kama yai. Naliendesha kanisani, kisimani na sokoni tu, dakika saba au nane. Siku ambazo siendi popote naliwasha asubuhi dakika tano, lipate joto, kisha nalizima.

Kuhusu oili, nimefundisha miaka thelathini na nne na sijawahi kuona mtu akililia kitu kilichoongezeka. Mimi sinusi vyuma. Nilisimama mbele ya watu mia mbili nikasema Mungu ameniongezea, na sitaki mtoto aliyekimbia hesabu aje kunifundisha kujumlisha.

Barua yako nimeirudisha. Umepata tano kwa kumi. Umepoteza alama kwa majivuno.

Mjomba wako,
Ndolo


Emali,
18 Januari 2025

Mjomba mpendwa,

Natumaini mmeamka vyema. Mwambie Anti nimecheka ya mbuzi, kisha nikaenda nyuma ya lori nikakaa kidogo peke yangu.

Tano kwa kumi nimepokea. Sasa keti, leo mimi ndiye niko ubaoni.

Hiyo iliyoongezeka si oili, Mjomba. Ni petroli.

Injini ndogo za turbo kama yako hupulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Injini ikiwa baridi inapuliziwa nyingi zaidi, na si yote inayoungua. Nyingine inashika ukutani, inateleza kando ya pistoni na kushuka mpaka kwenye oili. Mtu akienda safari ndefu, oili inapata moto vizuri na ile petroli inaruka kama mvuke. Lakini wewe unaamsha injini, na kabla haijafungua hata jicho moja, unaizima! Kila siku! Zile dakika tano zako za asubuhi ndizo zinaiua.

Unakumbuka uji wa mpishi wako Mbinya, pale shuleni? Wageni wakija anaongeza maji, sufuria inajaa, na sisi tunakunywa maji ya moto yenye rangi. Sufuria ilijaa, Mjomba, lakini uji uliongezeka? Ndiyo hiyo oili yako. Na turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na kitu pekee kinachoishikilia ni utando wa oili. Oili ikiwa nyepesi, chuma kinasaga chuma. Kisimani huwezi kujua. Utajua siku utakapoikanyaga kwenye mlima wa kwenda Kitui, Anti akiwa kando yako, tarehe ishirini.

Usiniamini. Mwalimu mzuri haamini, anapima. Nimekuchorea viduara viwili hapa chini. Tia tone moja la oili mpya kwenye cha kushoto, na tone la kwenye dipstiki kwenye cha kulia. Ngoja yakauke; lenye petroli litatambaa. Hata mimi niliyekimbia hesabu hiyo naiweza.

Ulinichukua mama alipofariki nikiwa na miaka sita, ukanilaza kitanda kimoja na watoto wako. Sikuandika haya ili nikushinde.

Mpwa wako,
Kiema


Emali,
9 Februari 2025

Mjomba,

Hamjambo? Wiki tatu sijapata neno, wala barua yangu haijarudi na wino mwekundu. Simu hushiki. Sijawahi kutamani sifuri kwa kumi hivi.

Utani nimeuweka chini. Kwenye parseli ya basi kuna debe la oili ya kipimo cha injini yako na filta mpya. Mowlid ndiye amenipa. Alisema, "Mwalimu aliyekufundisha kuandika, hiyo ni asante yangu kwake, maana wewe ndiye unaniandikia barua zote za ushuru." Mpe fundi yeyote hapo Zombe, ni kazi ya nusu saa.

Kama ni mambo ya kanisa, usiwaambie. Mimi nitanyamaza, na unajua kunyamaza kwangu ni kazi ngumu kuliko kushusha injini. Na kama bado hukubali, basi kodi gari la mtu. Mimi nicheke, nikasirikiwe, lakini Anti afike.

Nakuomba.

Kiema wako


Zombe,
24 Februari 2025

Mwanangu Kiema,

Wakya. Natumaini barua hii inakukuta na afya njema. Hapa kuna uzima kuliko ulivyokuwa mwaka mzima.

Nilinyamaza kwa sababu nilikasirika, nami nilikasirika kwa sababu uji wa Mbinya ninaukumbuka vizuri. Nilificha barua yako ndani ya kabati siku kumi na tisa. Debe lako lilipofika, nikaona aibu. Nikatoa barua, nikatia matone mawili kwenye viduara, nikaiacha mezani ikauke. Tone la kushoto lilitulia mahali pake. La kulia lilitambaa, likawa kubwa na jepesi, na ukingo wa manjano. Nilikuwa najiambia labda ni karatasi mbaya.

Anti yako akaingia akipapasa kiti, akitafuta chai yake. Hakuona barua wala mimi. Akasimama akasema, "Baba Ndunge, kwani nani ameweka petroli mahali tunakula?"

Nikainuka nikaenda kumtafuta fundi.

Fundi Kasyoki alimwaga ile oili siku hiyo hiyo. Ilitoka kama chai ya rangi, na ikazidi kipimo kwa zaidi ya lita moja. Alichovya kidole, akanusa, akaniuliza, "Mwalimu, na ulikuwa uende Kitui na hii?" Alikagua turbo. Ilikuwa imebaki kidogo iumie, alisema. Kidogo tu.

Tarehe ishirini tulipanda ule mlima. Gari halikulalamika. Nilikuwa natoka jasho, naye Anti yako anaimba. Ijumaa wakafungua bandeji. Aliniangalia kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe umezeeka hivi na hukuniambia."

Jana nilisimama kanisani. Nikasema ushuhuda wangu wa Desemba niurudishe, kwa maana kilichopanda kilikuwa petroli. Watu walicheka, mzee Kaloki akacheka mpaka akatoka nje. Nikangoja wamalize. Kisha nikasema, kama kuna kitu Mungu ameongeza nyumbani kwangu, ni yule mtoto niliyewaambia ninyi nyote kwamba alipotea.

Asante, mwanangu. Na umshukuru sana Mowlid.

Barua yako ya tarehe 18 nakurudishia. Sikuipa alama. Sijui ningeanzia wapi.

Baba yako,
Ndolo


Emali,
3 Machi 2025

Mjomba,

Aa! Aa! Nimeitikia mara mbili, ya pili ni ya Anti. Mko wazima, hilo siulizi tena, barua imejaa uzima mpaka bahasha imefura.

Sasa usinifanye nilegee mbele ya wateja, nina jina hapa. Sikiliza masharti ya daktari wa injini. Moja, acha kuwasha gari asubuhi kwa ajili ya kuwasha. Siku huendi popote, liache lilale. Pili, kila wiki mpeleke Anti safari ndefu, hata Kitui kunywa chai tu, injini ipate moto wa kweli. Tatu, oili badilisha mapema, usingoje kilomita zilizoandikwa kwenye kibandiko cha kioo. Na ukiona imepanda tena, usiende kanisani, niandikie mimi. Kitakuwa kitu kingine kinavuja, na nitakuja mwenyewe. Mowlid ameshanipa ruhusa, ati anataka kumwona mwalimu anayeweza kuninyamazisha.

Kwanza ameamuru ile barua ya matone ibandikwe ukutani, juu ya chaja ya betri. Wenye magari madogo wakibisha, anawapeleka pale wajionee. Umekuwa somo, Mjomba. Uliniahidi ipo siku jina langu litakaa ukutani. Limekaa, na lako nimeliandika kando yake.

Nilipokuwa naibandika ndipo nikaona nyuma ya karatasi. Sikuwa nimegeuza. Ni kalamu ile yako nyekundu, lakini si mwandiko wako. Herufi kubwa kubwa, zinapanda na kushuka: "Kiema, nimeisoma hii yote mwenyewe, mpaka mwisho. Unajivuna sana. Kuja nikuone. Anti Kathini."

Mowlid aliniita mara tatu nimpe spana. Akaja kuniangalia, akauliza imekuwaje leo nimenyamaza. Nikamwambia angoje, bado nasoma.

Mwana wenu,
Kiema