Inalindwa Dhidi ya Nani?

Katindiuka, Ifakara
14 Februari 1999

Mdogo wangu Ildefonce,

Nakusalimu kwa upendo, wewe, shemeji na mwanetu Restuta. Natumaini baridi ya Hamburg haijakurudishia kile kikohozi. Sisi tunaendelea, ila dada Balbina pumzi zinamkatika. Kutoka kitandani mpaka barazani anapumzika mara mbili. Mengine yote niliyo nayo ni hasira, na zimeanzia kwenye mashine yako ya kurekodi.

Ilifika salama. Diski ya muziki uliyoitia ndani ilipiga vizuri mpaka majirani wakaja kuchungulia. Kisha nikatia diski tupu, nikamkalisha dada mbele ya maikrofoni ataje mabwawa ya samaki ya kwetu ng'ambo ya mto, kuanzia Kivukoni kuteremka, kila bwawa na mwenyewe, kama mama alivyokuwa akiyataja. Tangu tuhamishwe huko ni miaka ishirini na tano, na ni yeye peke yake aliyebaki nayo kichwani. Mimi nilipelekwa shule ya bweni nikiwa na miaka tisa. Najua vitabu, mabwawa siyajui.

Mashine ikakataa. Kioo chake kikaandika kwa Kiingereza kwamba inalindwa. Inalindwa dhidi ya nani? Dhidi ya mzee wa miaka sitini na tisa, ndani ya nyumba yake? Nikaamini umeuziwa kitu kilichofungwa kwa makusudi, kama zile redio za magari zinazodai namba ya siri. Nilimwandikia mwenye duka kurasa mbili za maneno makali, nikitaka wewe umpelekee.

Nikaibeba kwa Kasmiri, fundi redio wa sokoni. Alisema mashine haina ugonjwa, nimletee hizo diski tupu. Nikamjibu kwamba diski zangu hazishikwi na mikono ya watu. Akaniuliza, mzee wangu, kama nikipeleka mgonjwa hospitali huwa naacha tumbo nyumbani. Wateja wakacheka. Nikamwita kanjanja mbele yao wote, nikapanda basi hadi Kidatu kwa fundi mwingine, ambaye aliifumua na kunirudishia ikiwa na skrubu moja pungufu na ugonjwa uleule.

Wiki mbili zilipita hivyo. Kila asubuhi dada alikaa, akaanza na bwawa la babu Sebastiani, na kila asubuhi kioo kikaniambia inalindwa. Sauti yake ilikuwa inapungua, Ildefonce, nikaisikia ikipungua. Mwishoni alisema kama mashine haitaki kusikia, atawatajia kuku, wao angalau wanageuza shingo.

Jumatano Kasmiri alikuja mwenyewe kwa baiskeli. Alimwamkia dada shikamoo, mimi akanitikisia kichwa tu, akachukua diski moja bila kuomba ruhusa. Akaigeuza, akasukuma kwa ukucha kikomeo kidogo cha pembeni, akairudisha. Ikarekodi. Akatazama ya pili, ya tatu, zote kumi. Akauliza ni nani aliyefungua vikomeo hivyo, maana diski mpya hutoka kiwandani vikiwa vimefungwa. Kikiwa wazi, haipokei sauti yoyote.

Ni mimi. Siku diski hizo zilipofika niliona picha kwenye karatasi ya maelezo: kikomeo cha kuzuia kufuta. Sikusoma mstari wa pili. Nilivifungua vyote kumi kabla ya jambo lolote, kwa sababu ya ile kaseti yenye sauti ya mama iliyofutika.

Sasa nikuambie habari za kaseti hiyo. Mwaka 1981 nilisema Restuta ameifuta kwa kuchezea vitufe. Alikuwa na miaka minane, anakaa kwangu, nikamchapa, ukaja kumchukua, tukakaa miaka mitatu bila barua. Hakuigusa. Alasiri ile nilisikia redioni jina langu: walikuwa wanaisoma barua yangu ya kulalamika kwamba watangazaji wanakosea majina ya vijiji vyetu. Nilinyakua kaseti iliyokuwa karibu, nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikajisikiliza kwa furaha hadi mwisho. Nilipoirudisha nyuma, mama hayupo.

Kwa hiyo mashine yako iliniambia ukweli. Ilikuwa inalindwa dhidi yangu.

Kasmiri nimemwomba radhi palepale sokoni, mbele ya wateja, kwa kuwa ndiko nilikomtukana. Barua ya mwenye duka nimeichana. Diski ya dada imo humu: mabwawa thelathini na moja, na kikohozi katikati. Baada ya la mwisho utamsikia akiniuliza kama nimeshamwandikia Restuta, maana dada mwenyewe alikuwa jikoni alasiri ile na redio aliisikia. Miaka kumi na minane alikuwa akiningoja niseme mwenyewe.

Mpe Restuta barua hii aisome yote, usimsimulie. Shemeji msalimie sana. Dada anakusalimu, anasema uvae soksi.

Ni mimi kaka yako,
Tadei