Moto wa Baba Kasian

Jumatano, 2 Julai 2025

Baridi ya Iyunga leo si mchezo. Maji ya bomba yanauma meno. Na bado nataka kuifuata baridi iliko kwao!

Jailos ametuma ujumbe kwenye grupu la wapanda milima. Jumamosi tunapanda vile vilele viwili vya nyuma huko, mapema sana, tufike kabla jua halijatoka. Anasema mwezi huu majani ya juu yanaamka meupe kabisa. Pendo kajibu kwa herufi kubwa: THELUJI!!! Si theluji. Nimesoma. Ni sakitu, umande ulioganda. Lakini nina miaka arobaini na moja, nimezaliwa Iringa mjini, nafanya kazi maabara ya shule, nimegandisha maji kwenye friji mara ngapi sijui — na sijawahi kushika barafu ambayo haikutengenezwa na mtu. Nataka kuishika. Ukiikanyaga inalia? Ina harufu?

Jioni nikafuata viatu Mbalizi. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimeachia. Fundi kakata kipande cha tairi, kakipigilia misumari mitano, minne imenyooka na mmoja umeenda pembeni. Nikamuuliza kwa nini huo mmoja pembeni. Akasema mama, umekuja kuchukua kiatu au kunipa mtihani? Nimecheka hadi nimefika kituoni. Napenda kuuliza, nifanyeje.

Ijumaa, 4 Julai

Nimeazima kipimajoto cha maabara. Mwalimu wa kemia kanipa kwa masharti, kanisainisha kabisa. Nimekifunga kwenye soksi. Soksi nyingine tatu nitavaa mwenyewe.

Kulala mapema. Usingizi hauji, kama mtoto anayengoja Krismasi.

Jumamosi, 5 Julai

Sijui nianzie wapi. Nianzie mwanzo.

Tulikuwa tisa. Juzer mwenye duka la vifaa vya ujenzi katuleta na gari lake, na chupa ya chai ya tangawizi kubwa kuliko mkoba wangu. Saa kumi na moja kasoro alfajiri tumeanza kutembea, tochi vichwani. Nyota nyingi. Nyasi kavu, ardhi ngumu. Nilikuwa na furaha ya ajabu.

Baada ya nusu saa tukatokea kwenye bonde dogo lenye shamba, msitu juu yake. Ukingoni mwa shamba, moto. Si moto hasa — moshi mzito, makaa yanang'aa kwa chini. Mita thelathini mbele, mwingine. Hakuna mtu.

Jailos akapandisha hasira palepale. Mwaka juzi aliona mlima mzima ukiungua kwa sababu ya mtu aliyeacha moto, na tangu hapo sheria ya kikundi ni moja: ukiona moto hauna mwenyewe, unazima. Hatukubishana. Juzer akamwaga maji ya dumu lake. Mimi nikasukumia udongo kwa mguu, nikakanyaga, nikakanyaga tena mpaka pakawa tope la majivu. Wa pili hivyohivyo. Jailos akatupongeza. Tukajiona watu wa maana.

Niliona kitu pale. Naandika kwa sababu niliona. Juu ya makaa kulikuwa na majani mabichi, yamepangwa vizuri, na samadi juu yake. Nikajiuliza: nani anafunika moto kwa majani mabichi? Nikaona ajabu, nikaendelea kukanyaga. Mimi ninayemhoji fundi viatu habari ya msumari — hapo sikuuliza.

Kilele cha kwanza tulifika kumepambazuka. Kati yake na cha pili kuna uwanda wa nyasi, na uwanda wote ulikuwa mweupe! Mweupe kweli. Kila jani limevaa sindano ndogondogo. Ukikanyaga inalia, sasa najua: kwaru, kwaru, kama unatafuna bisi. Harufu haina, ila pua inachoma. Nikavua glavu nikashika. Ikageuka maji kabla sijaiangalia vizuri. Nikashika nyingine. Nilipiga magoti pale mpaka Pendo akaniuliza kama nasali.

Kipimajoto: hasi tatu. Nimesoma mara mbili.

Kilele cha pili tulipanda huku jua linatoka, na weupe ukawa unapotea nyuma yetu. Juzer alimimina chai, kila mtu anaongea kwa wakati mmoja. Nilisema ni siku nzuri kuliko zote mwaka huu. Nilisema kwa sauti.

Kushuka, saa tano, njia ileile. Shamba tuliliona kutoka juu na sikulitambua. Asubuhi tochi zilionyesha kijani. Sasa lilikuwa jeusi. Viazi mviringo, shamba zima, majani yamelegea kama mboga iliyomwagiwa maji ya moto.

Mama mmoja alikuwa katikati ya matuta, anashika shina moja moja. Shikamoo mama. Marahaba wanangu, karibuni, poleni na safari. Anatupa pole sisi! Jina lake Rozalia. Nyumba yake iko hapo karibu tu, akasema tupite tunywe hata uji. Nikauliza, kama kawaida yangu, mama hapa pametokea nini.

"Baridi imeunguza," akasema. "Viazi vya mbegu hivi, mwanangu. Nimemwagilia kwa ndoo kutoka kule chini toka mwezi wa tano. Usiku ukiwa mkavu hivi tunawasha moto wa moshi, majani mabichi na samadi, ule moshi unalala juu ya shamba. Wa huku juu ndio mkubwa, maana baridi inashuka na huku. Sasa Baba Kasian nimemwachia alinde. Kalala."

Mume wake alikuwa amekaa kwenye jiwe. Mzee mwembamba, kofia ya sufu, mikono ina masizi.

"Sijalala, Mama Kasian."

"Umekunywa."

"Sijanywa! Toka Kwaresma sijagusa, wewe mwenyewe umeona. Nimefuata pumba nyumbani za kuongezea motoni. Kurudi nakuta wamezima. Nimehangaika kuwasha, kuni zimelowa."

"Nani amezima? Nani anapita mlimani saa hizo? Malaika?" Akatugeukia, nusu anacheka, macho yamejaa. "Miaka thelathini nasikia nimefuata pumba. Nikasema safari hii ameacha kweli. Nilishamwambia mpaka padri." Halafu akauliza tu, bila ubaya wowote: "Kwani nyie asubuhi mmepita hapa?"

Jailos akajibu upesi. "Hapana mama. Tumepandia upande wa pili."

Juzer alitazama chupa yake. Mimi nilikuwa na kinywa, nilikuwa na ulimi. Nikatazama chini. Mzee naye alikuwa anatazama chini — anatazama viatu vyetu, jozi baada ya jozi. Na angesema, nani angemsikiliza?

Tukaaga. Uji hatukunywa.

Jumapili, 6 Julai

Kanisani sikusikia mahubiri. Pendo ameweka picha, mimi nimepiga magoti kwenye weupe, nacheka. Watu mia na kumi wameipenda.

Nimempigia Jailos. Anasema tulifuata sheria, moto karibu na msitu ni kosa, na tukikiri, kijiji kitatunyima ruhusa ya kupanda. Anasema tuchange tuwapelekee mbegu kimyakimya, kama msaada. Nikamuuliza: na mzee je? Mzee gani, akasema.

Mzee gani!

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, mapumziko. Nimefua soksi. Nimerudisha kipimajoto nyumbani kwa mwalimu, kizima, hakina hata mkwaruzo. Viatu nimevipiga chini mlangoni na udongo haukutoka wote. Kwenye kisigino cha kushoto kumebaki majivu, yamekauka kati ya misumari.

Alhamisi, 10 Julai

Nimemuuliza mwalimu wa kemia, kama mtu anayeuliza tu: moshi unazuia sakitu? Akafurahi, akachora ubaoni. Ardhi inapoteza joto usiku, moshi mzito unaweza kupunguza kasi hiyo, kidogo, kutegemea na upepo. Nikasema, na ikiwa hasi tatu? Akasema hasi tatu ya kule juu, shambani huenda ilikuwa afadhali. Au haikuwa. Huenda viazi vingeungua hata na moshi. Hawezi kuapa.

Nilirudi nyumbani nimepona. Huenda vingeungua tu! Nikapika ugali, nikala vizuri kwa mara ya kwanza wiki hii.

Wakati naosha sufuria ndipo nikajiona. Nilikwenda kutafuta jibu la swali ambalo halijaulizwa. Vingeungua, visingeungua — Baba Kasian asingeambiwa amelala. Angekuwa amekaa pale na mkewe asubuhi, wote wawili na masizi mikononi, wanalilia viazi vyao pamoja. Hicho ndicho nilichokikanyaga.

Nimempigia Juzer. Nimemwambia nataka kurudi. Akasema, "Dada Faustina, maji yalikuwa yangu. Jumamosi nakupeleka." Nikasema twende wote mpaka nyumbani kwao. Akasema ataona.

Jumamosi, 12 Julai

Saa nne asubuhi. Naandikia magotini, ukingoni mwa shamba. Juzer amebaki kwenye gari kule chini. Anasema tumbo. Nimemwacha, kila mtu na tumbo lake.

Njiani nilikuwa nimepanga maneno. Nimefika, wenyewe hawapo. Nimemkuta Yusta, mkwe wao, anaanika mahindi. Wameenda kuchota maji, watarudi sasa hivi. Nimemwambia nilipita wiki iliyopita, nimekuja kuwajulia hali. Akaniambia mama hali yake nzuri kidogo, viazi vingine vimeanza kuchipua chini chini. Mzee ndiye amewashinda. Kwani ana nini? Akacheka kwa aibu. Anasema kila jioni mzee anakwenda palepale, anawasha moto uleule, kuni zilezile, majani yaleyale, halafu anaondoka, anafuata pumba nyumbani kwa hatua zilezile, na kurudi. Anataka kuona moto unazimikaje wenyewe. Haujazimika hata siku moja. Mama anasema sasa ni ulevi wa mchana.

Mzee anafanya jaribio. Siku sita, peke yake, bila maabara, na kila siku jibu analolipata hakuna wa kulisoma.

Nikaja huku nione. Moto wake wa jana bado unafuka. Majani mabichi, samadi, vimepangwa vizuri. Na hatua tatu pembeni, pale tulipozima sisi, kuna beseni la plastiki la bluu, limefunikwa chini juu, jiwe juu yake.

Nikapaza sauti kumuuliza Yusta, hili beseni vipi? Akapaza na yeye: usiliguse dada! La mzee! Amefunikia unyayo! Anasema ndiye shahidi wake! Hata mbuzi anawafukuza wasipite hapo!

Yusta akarudi kwenye mahindi yake. Mimi ninayeuliza kila kitu — nikaondoa jiwe. Nikalifunua.

Tope la majivu limekauka gumu kabisa, kama saruji. Maji tuliyomwaga sisi ndiyo yamelitengeneza. Na katikati, kiatu. Cha kushoto. Kipande cha tairi kisiginoni, mistari yote inasomeka. Misumari minne imenyooka. Mmoja umeenda pembeni.

Kwa hiyo Jumamosi ile, akiwa amekaa kwenye jiwe, anatazama viatu vyetu, alikuwa anatafuta hicho. Sisi tulikuwa tumesimama kwenye nyasi. Nyasi hazionyeshi kisigino.

Nimelirudisha beseni. Jiwe juu yake, vilevile. Nikakaa. Nimevaa viatu vilevile. Sikufikiria, ndivyo nilivyo navyo vya mlima. Kutoka hapa gari la Juzer halionekani, na mimi sionekani. Naweza kushuka kwa upande wa msitu, na mzee ataendelea kulinda beseni lake mpaka mvua za Novemba.

Nasikia sauti. Wanapandisha. Mama mbele na ndoo kichwani, anaongea bila kugeuka. Mzee nyuma, ndoo mbili, ya huku na ya huku. Ameniona. Ameweka ndoo chini. Haangalii uso wangu.

Nimeondoa jiwe tena. Beseni nimeliweka pembeni. Mama Kasian anauliza kwa mbali, nani huyo anachezea — nasimama, mguu wa kushoto nauinua